Msukumo wa Siku za Baridi

Cleveland, 1965

Jumatatu, 4 Januari. Hali ya hewa: theluji, nyuzi 14.

Dada yangu Ančka kanipa daftari hili Krismasi. Akaniambia, "Andika mambo yako ya kazini humu, Rozi, maana ukinisimulia mimi nasinzia." Kila ukurasa una kisanduku cha hali ya hewa juu. Kwa kuwa kipo, nitakijaza. Nyuzi zangu ni Farenhaiti, zile za redioni; maji huganda kwenye 32.

Mimi ni fundi wa pampu na vali. Tuna tangi la chuma refu kama basi, na kazi yangu ni kuitoa hewa iliyomo mpaka ndani pafanane na huko juu angani. Humo imening'inizwa injini yetu, ndogo, saizi ya kopo la kahawa. Naipa gesi kidogo ya agoni, wenzangu wanaipiga umeme mkubwa mpaka gesi inageuka plazma, na sumaku inaitupa plazma nje kwa kasi ambayo siielewi hata nikielezwa polepole. Injini inajisukuma, mshale wa mizani unasogea, tunasoma gramu. Watu kumi na nane wanakula kwa huo mshale.

Leo Daktari Tolliver, mkuu wetu, katukusanya. Wakubwa wa Washington watakuja tarehe 11 Machi. Tukiwaonyesha gramu sitini kwa kiasi cha gesi walichotupangia, injini itapewa safari ya angani. Tusipofika, mkataba basi, na mlango unafungwa. Jaribio la leo limetoa 55. Tumepiga makofi kama watoto.

Jumatano, 6 Januari. Theluji, nyuzi 11.

Gramu 56. Vidole vyangu havina hisia.

Jumanne, 12 Januari. Mawingu, nyuzi 20.

Kaletwa daktari mpya wa sayansi, Leonard Feig, kijana wa Brooklyn, mwembamba, anaongea kama anakimbizwa. Tangu asubuhi ni mbona hiki, mbona kile. Mbona mizani imefungwa hapa? Mbona geji ya hewa iko karibu na pampu? Stan Pavlik, fundi wetu wa vyuma aliyelijenga tangi kwa mikono yake, keshambatiza: Bwana Mbona.

Hata mwito wetu kauliza. Kabla ya kuwasha, Daktari Tolliver huita moja moja, na kila mtu anajibu kwa sauti. "Maji?" Stan: "Yanapita!" "Sumaku?" "Tayari!" "Gesi?" Hapo ni mimi: "Wazi!" Ndipo anasema, "Washa." Bila majibu yote hawashi, hata ikiwa anakuona umesimama mbele yake.

"Mbona mnapiga kelele kama mpo sokoni?" kauliza Feig.

"Kwa sababu mwaka jana mtu alitikisa kichwa badala ya kujibu," kasema Stan, "na mimi nikapoteza nyusi zangu. Ziangalie. Upande huu hazijarudi."

Sijampenda huyu Feig. Gramu 53.

Ijumaa, 15 Januari. Jua la uongo, nyuzi 9.

Niliomba hita iwekwe karibu na tangi, upande ule unaoelekea ziwa, nyuma ya jengo, ambao upepo unapenya ukutani. Daktari kakataa. Eti joto linasumbua mizani. Kanipa glavu zake mwenyewe. Ndivyo alivyo. Kiwanda cha mashine za kufulia kilipofungwa katika jengo hili hili, mimi nilikuwa wa kukaza skrubu tu, na ni yeye aliyeniambia, "Wewe mikono yako inasikia. Njoo nikufundishe pampu." Miaka sita sasa. Mama humwombea kanisani kwa jina.

Gramu 58.

Ijumaa, 22 Januari. Mvua, theluji inayeyuka, nyuzi 39.

Gramu 43. Hakuna aliyepiga makofi.

Jumatatu, 25 Januari. Mvua, nyuzi 37.

44. Daktari anasema elektrodi, kile chuma kinachopitisha umeme ndani ya injini, imechakaa. Stan anachonga nyingine.

Ijumaa, 29 Januari. Ziwa limeganda mpaka mbali, nyuzi 3.

58! Stan anatembea kifua mbele jengo zima. "Msinipongeze mimi," anasema, "pongezeni mikono." Daktari kamkumbatia. Feig alikuwa kwenye kidirisha cha tangi, akasema, "Mbona mwanga una wekundu? Agoni inatakiwa iwe na ubuluu."

"Feig," kasema Daktari, "siku moja tu, furahi."

Wote tukacheka. Mimi nilicheka kuliko wote.

Jumatatu, 8 Februari. Mvua, nyuzi 41.

Elektrodi ile ile ya Stan: gramu 41. Daktari kapiga meza mpaka kikombe kikaruka. Sijawahi kumwona hivyo. Kamwambia Stan amefanya kazi ya mtoto, mbele ya watu, na Stan ana miaka hamsini na nane. Stan kaenda kufagia sehemu ambayo ilikuwa imeshafagiwa.

Feig kanifuata kwenye pampu. "Bi Hočevar, huu mstari mwekundu kwenye geji ni wa nini?"

"Hewa iliyobaki tangini ikiwa chini ya mstari, tunaruhusiwa kuwasha. Ikizidi, hapana."

"Nani kauchora?"

"Mimi. Rangi yangu ya kucha. Daktari alinionyesha mahali."

"Mbona pale?"

Nikamwambia aende akamuulize Daktari, mimi nina kazi. Lakini swali limenifuata mpaka nyumbani.

Jumatano, 17 Februari. Upepo wa ziwani, nyuzi 8.

Gramu 59. Imebaki moja. Daktari kanunua maandazi ya watu wote na kamwomba Stan msamaha kwa kumtupia lile kubwa zaidi. Nilipochungulia kidirishani niliuona: mwanga una wekundu kweli.

Jumapili, 21 Februari. Theluji, nyuzi 16.

Sijaenda kwa Ančka. Mama yuko jikoni anapika supu na ananiuliza kama naumwa, maana sijala.

Baada ya misa nilikaa kulisoma daftari hili kwa kujifurahisha tu, nione nimeandika nini. Nikasoma mara moja haraka. Nikasoma tena, safari hii visanduku vya juu na namba za chini, nikiruka maneno yote ya katikati. Nyuzi 14, gramu 55. Nyuzi 9, gramu 58. Nyuzi 39, gramu 43. Nyuzi 3, 58. Nyuzi 41, 41. Nyuzi 8, 59.

Elektrodi haihusiki. Mikono ya Stan haihusiki. Injini yetu inakwenda na baridi.

Na injini haijui kama nje kuna baridi. Anayejua ni tangi. Mlango wake una mpira mnene wa mviringo unaoziba hewa, na huo mpira uko upande wa ziwa, kule nilikoomba hita. Mpira ukipoa sana unakakamaa na kuacha mwanya. Na mimi nimeona kwa macho yangu, siku za baridi mshale wa geji unakaa juu, karibu kugusa mstari. Sikujali kwa sababu uko chini ya mstari. Hakuna aliyejali. Tukiwa chini ya mstari tunasema tuko angani.

Kwa hiyo siku za baridi hewa ya Cleveland inapenya kidogo kidogo, nayo ndiyo yenye ule mwanga mwekundu, na injini inaivuta na kuisukuma pamoja na gesi yetu. Sisi tunahesabu gesi inayopita kwenye vali yangu tu, halafu tunashangaa jinsi injini inavyofanya mengi kwa kidogo. Ni kama mtu anayesifiwa mezani kwa kula kijiko kimoja, kumbe kila mara anapitia jikoni. Angani hakuna jiko. Ikifika huko itasukuma robo ya tulichoandika, labda na hiyo ni bahati.

Natumaini nimekosea. Mimi ni mkaza skrubu. Naomba niwe nimekosea.

Jumanne, 23 Februari. Mawingu, nyuzi 11.

Sijakosea.

Nilimwonyesha Feig daftari asubuhi, nikaziba maneno kwa mkono aone namba tu. Hakusema mbona. Alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, akasema, "Ee Mungu, Rozi." Kisha: "Kuna njia moja ya kujua. Tuiwashe bila gesi."

Saa ya chakula Daktari alikuwa mjini kwa daktari wa meno. Feig alishika umeme, mimi vali. Hatukuita mwito kwa sauti, tulinong'ona, nikaona aibu kama mwizi. "Gesi?" akanong'ona. "Imefungwa," nikasema, na nikaikaza tena kuhakikisha.

Injini isiyo na gesi haina cha kuwaka. Ilitakiwa ikae kimya. Iliwaka. Waridi, nzuri, kidirisha kizima. Mshale ukapanda mpaka gramu 42.

Nyuma yetu mlango ukagonga. Stan, na mkate wake mkononi.

"Mnafanya nini? Chupa ya gesi mbona imefungwa?"

Nikamweleza. Nilitaka aseme neno la mzaha. Kaweka mkate chini, kauendea mlango wa tangi, kaupapasa ule mpira kwa kiganja.

"Huu niliukata mimi," kasema.

"Si kosa lako, Stan. Ungekatwa na yeyote ungekakamaa."

"Na unataka kumwambia Tolliver."

"Nifanyeje?"

"Unyamaze, Rozi! Wiki mbili! Nina binti anaolewa Juni. Kuna watu kumi na tisa humu, na wewe unataka tufungiwe kwa sababu ya kijitabu cha mvua na jua?"



Jumatano, 24 Februari. Theluji, nyuzi 15.

Nimemwambia. Nilifunga mlango wa ofisi yake nikasema yote bila kupumua, nikiwa nimesimama. Nilidhani atakana. Nilidhani labda atanifukuza. Hakufanya hata kimoja.

Alisema, "Kaa, Rozi." Nikakaa. "Wageni wakiondoka na furaha, tunapata miaka miwili. Katika miaka miwili tunaziba tangi, tunatengeneza injini vizuri, tunafika sitini za kweli. Injini ni nzuri, unajua ni nzuri. Inataka muda tu. Ukisema sasa, hakuna muda. Hakuna injini. Hakuna kitu."

"Daktari, ulijua?"

"Nilijua kwamba inapenda baridi. Sikutaka kujua kwa nini."

Hita. Ndiyo maana alikataa hita. Nilikaa pale nimevaa glavu zake.

"Nivumilie mpaka tarehe kumi na moja," akasema. "Sijawahi kukuomba kitu."

Ni kweli, hajawahi.

Jumatatu, 1 Machi. Mawingu, nyuzi 30.

50. Stan hanisemeshi.

Jumatano, 3 Machi. Mvua ya barafu, nyuzi 33.

Jumatano ya Majivu. Mama kauliza mbona nimerudi na majivu usoni lakini sikungoja baraka ya mwisho. Nilitoka kanisani mapema, yeye alipofika kwenye jina la Daktari katika maombi yake ya kunong'ona. Sikuweza.

Feig anataka tuandike barua Washington. Nimemwambia asiandike, yeye ni mgeni hapa, watasema ana wivu. Akasema, "Basi utaandika wewe?" Nikasema sijui. Ndiyo hali yangu: sijui. Nina hasira na Daktari kuliko nilivyowahi kuwa na hasira na mtu, na bado nikimsikia anakohoa naenda kumchemshia maji.

Jumanne, 9 Machi. Jua, nyuzi 34.

47. Redio inasema baridi itarudi kesho jioni, kali. Daktari kaisikia kama sisi. Kamwambia Stan mlango mkubwa wa nyuma, ule wa kuelekea ziwani, uachwe wazi kuanzia kesho jioni mpaka wageni wafike.

Stan kaniangalia kwa mara ya kwanza baada ya wiki mbili. Hata yeye kaelewa kwamba hili si kunyamaza tena. Hili ni kupika namba.

Jumatano, 10 Machi. Upepo, nyuzi 21 na zinashuka.

Mlango umefunguliwa.

Alhamisi, 11 Machi. Jua, nyuzi 7.

Niandike sawasawa, maana nitataka kukumbuka.

Walikuja watatu, mkubwa wao akiwa Bw. Prentiss, mzee mrefu, mhandisi wa zamani, anayesikiliza huku kafumba jicho moja. Hakuvua koti. "Hamna hita humu?" kauliza.

"Injini inapenda baridi," kasema Daktari, na wageni wakacheka. Stan hakucheka. Feig alikuwa mweupe kama chaki. Mshale wa geji ulikuwa chini kidogo tu ya rangi yangu ya kucha.

Asubuhi nilikuwa nimeamua kunyamaza. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Niliwaza kuhusu binti wa Stan, na Mama, na glavu. Nilisimama kwenye vali, nikaweka mkono kuifungua kama nilivyofanya mara elfu, na mkono haukugeuka. Sikuwa jasiri. Niliona tu kwamba neno linalofuata ni langu, na kwamba katika mwito huu hatujawahi kusema uongo, hata siku moja, kwa sababu ya nyusi za Stan.

"Maji?"

"Yanapita," kasema Stan.

"Sumaku?"

"Tayari," kasema Feig.

"Gesi?"

"Imefungwa."

Daktari alikuwa amenipa mgongo. Hakugeuka. Angeweza kusema, fungua basi, Rozi, umesahau, na wageni wangedhani ni fundi kachanganyikiwa kwa kuona wakubwa. Mimi ningefungua. Najijua. Angeniambia kwa ile sauti yake ningefungua.

Alivua miwani, akaifuta kwa tai.

"Rudia," akasema.

"Gesi imefungwa, Daktari."

Akavaa miwani. Niliona mabega yake yakishuka, kama mtu aliyetua mzigo au aliyepigwa, sikujua ni lipi.

"Washa," akasema.

Feig akawasha. Mwanga wa waridi ukajaa kidirishani, mshale ukapanda: 44.

Bw. Prentiss akafumbua lile jicho. "Huyu bibi kasema imefungwa?"

"Imefungwa," kasema Daktari.

"Basi inakula nini?"

"Hewa ya tangi. Mpira wa mlango unavuja kukiwa na baridi. Ndiyo maana mnaganda humu ndani, nimeacha mlango wazi tangu jana." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. "Namba tulizowatumia msimu huu wote si za kweli. Aliyegundua ni Bi Hočevar. Mimi nilimwambia anyamaze."

Mmoja wa wale wageni akatukana, kwa heshima. Prentiss akaomba kitabu cha kazi, akataka kuona hali ya hewa. Kitabu cha kazi hakina hali ya hewa. Ikabidi nitoe daftari hili mfukoni. Alisoma kurasa zote, wima, na koti lake, mimi nikitamani sakafu inimeze.

"Bwana Mbona ni nani?" kauliza.

Feig akanyoosha mkono.

"Na mama yako bado anamwombea Tolliver?"

"Kila Jumapili," nikasema.

Akanirudishia. "Aendelee," akasema.

Wakaenda ofisini na Daktari. Stan akaenda kuufunga ule mlango wa nyuma, peke yake, ingawa ni wa watu wawili.

Ijumaa, 12 Machi. Nyuzi 19.

Nimerudisha glavu mezani kwake. Nimezikuta tena kwenye pampu zangu.

Jumanne, 20 Aprili.

Imepita Pasaka. Mama alioka mkate wa kokwa za jozi, nikapeleka kipande kazini, tukagawana watu saba, maana tumebaki saba. Washington wametupa miezi sita ya kuanza upya na tangi safi. Feig ndiye mkuu sasa na bado anauliza mbona. Daktari Tolliver si mkuu wa chochote. Anakuja kila siku, anakaa kando ya mizani, anasoma mshale na kuandika.

Stan ni mmoja wa wale kumi na wawili walioondoka. Siku yake ya mwisho aliukata mpira mpya wa mlango, wa aina isiyokakamaa, akaupaka mafuta kwa kidole chake pande zote. Sijui kama amenisamehe. Nilipomwambia kwaheri alisema, "Usiukaze sana, Rozi, unakaa wenyewe," akachukua koti. Arusi ya Juni ipo, ila itakuwa ndogo.

Leo tumewasha mara ya kwanza. Feig kaita mwito, kwa sauti, kama tuko sokoni. Nikajibu, "Wazi!" Mwanga ulikuwa wa buluu tupu. Gramu 17.

Tukasogeza hita karibu na mlango wa tangi, tukasubiri saa nzima. 17. Tukaondoa hita, tukamwagia mpira maji ya barafu kwa ndoo. 17. Feig akafunga vali kwa mkono wake mwenyewe na kuwasha. Giza. Mshale haukutikisika. Nikajikuta nalia, na sikuona haya.

Daktari alikuwa anaandika. Bila kuinua kichwa akaniuliza, "Nje nyuzi ngapi, Rozi?"

"Hamsini na mbili. Lakini haina kazi tena, Daktari. Inatoa ile ile."

"Najua," akasema. "Iandike."

Hali ya hewa: jua, nyuzi 52.